Mbwa wa kazi nyumbani: mpe kazi kabla hajajitafutia

Ukipita Njiro au Ilboru za Arusha, au Shanty Town ya Moshi, mbwa aina ya German Shepherd si mgeni tena. Ananunuliwa kwa ajili ya ulinzi, watoto wanampenda, na kabla hajatimiza mwaka keshakuwa mwanafamilia. Malalamiko huanza akifika miezi minane hivi. Bustani ya mchicha imechimbuliwa. Bodaboda ikipita anakimbia na uzio huku akibweka. Watoto wakicheza anawauma visigino, na usiku majirani hawalali. Mwenye mbwa akiomba ushauri anaambiwa lile lile: huyo ana nguvu nyingi, mkimbize achoke. Ushauri huo ni nusu ya dawa, na ukitumika peke yake unaongeza ugonjwa.

Kile tunachokiita nguvu kwa mbwa wa kazi ni mambo matatu yaliyofungamana: miguu inayotaka mwendo, kichwa kinachotaka kazi, na mwili ambao haujui kutulia mpaka ufundishwe. Kila moja lina tiba yake. Familia nyingi hushughulikia la kwanza tu, kisha zinashangaa mbwa anazidi kuwa mgumu.

Alizalishwa afanye nini

German Shepherd aliingizwa kwenye daftari la ukoo huko Ujerumani mwaka 1899, pale Max von Stephanitz alipomnunua mbwa mchungaji, akampa jina Horand von Grafrath na kuanzisha chama cha wafugaji wake. Kazi ya mbwa hawa ilikuwa kuchunga kondoo katikati ya mashamba yasiyo na uzio. Mbwa alitembea kwenda na kurudi mpakani mwa malisho kutwa nzima, akawa uzio unaotembea. Kondoo akivuka kuingia kwenye ngano, anasukumwa au anabanwa kwa meno bila kujeruhiwa. Mbwa alitakiwa aamue mwenyewe, kwa sababu mchungaji alikuwa mbali.

Malinois ni ndugu wa kazi hiyo hiyo, kutoka eneo la Malines nchini Ubelgiji, ambako wachungaji na madaktari wa mifugo walianza kuwapanga mbwa wao mwaka 1891. Ni mwepesi zaidi, ana kasi zaidi, na hasubiri kuambiwa mara mbili.

Sasa yarudie yale malalamiko. Kukimbia na uzio ni kulinda mpaka wa malisho. Kuuma visigino ni kumrudisha kondoo kundini. Kukufuata kutoka sebuleni hadi jikoni ni kutompoteza mchungaji machoni. Na bodaboda? Hiyo ni kufukuza kinachokimbia, tena kwa mafanikio: kila mara anapobweka, pikipiki inaondoka. Kwa hesabu yake ameifukuza yeye. Siku ikiwa na bodaboda hamsini, ameshinda mara hamsini, na hakuna aliyemfundisha.

Kwa hiyo mbwa huyu hajaharibika. Anafanya kazi aliyozalishwa aifanye, mahali pasipo na kondoo. Kumpiga hakuondoi hamu hiyo, na kumfungia bandani mchana kutwa kunaipa muda wa kuchacha.

Kuhusu Malinois tuseme wazi: hatumshauri familia ambayo haijawahi kufuga mbwa wa kazi. Usa River, nje kidogo ya Arusha, shirika la African Wildlife Foundation limekuwa likifundisha mbwa wa kunusa pembe za ndovu na nyara nyingine. Mbwa wa namna hiyo ana askari wake ambaye ajira yake ni kumhudumia na kufanya naye kazi kila siku. Familia yenye watoto watatu na baba anayerudi kutoka kazini saa moja jioni haina mtu huyo. German Shepherd anasamehe zaidi, hasa aliyetoka kwa mama mtulivu. Ndiyo maana lazima umwone mama kabla ya kulipa, na asiwe nyuma ya wavu: awe nje, na mgeni amesimama karibu naye. Mama akijikunyata au akirusha meno, tafuta pengine hata kama bei ni nzuri. Mtoto asiondolewe kwa mama kabla ya wiki nane.

Kwa nini kukimbiza peke yake kunaharibu

Mwili wa mbwa huzoea mazoezi. Mkimbize kilomita tano kila siku, na baada ya miezi miwili kilomita tano ni kujinyoosha tu. Umetengeneza mwanariadha anayehitaji kilomita nane ili achoke kama zamani. Kumrushia mpira mara mia ni kubaya zaidi, kwa sababu kila mruko unampandisha jazba, na jazba inachukua muda mrefu kushuka. Anarudi nyumbani miguu imechoka huku kichwa kinawaka.

Tena analala kidogo mno. Mbwa mzima anahitaji usingizi wa saa 12 hadi 14 kwa siku, na mtoto saa 18 hadi 20. Mtoto wa mbwa anayegeuka mkorofi saa moja jioni, anauma kila nguo inayopita, mara nyingi ni kama mtoto wa binadamu aliyekosa kulala mchana. Anahitaji kona yenye giza na ukimya, kwa hiyo kumwongezea mchezo wakati huo ni kumwongezea tatizo.

Kwa mbwa mzima mwenye afya, kipimo kinachofaa ni dakika 60 hadi 90 za kutembea, zigawanywe asubuhi na jioni, na dakika 15 hadi 20 za kazi ya kichwa, nazo zigawanywe. Muda uliobaki ni wa kulala au kukaa na watu. Kwa mtoto tumia dakika tano za kutembezwa kwa kamba kwa kila mwezi wa umri, mara mbili kwa siku: wa miezi minne, dakika 20. Kucheza mwenyewe kwenye nyasi na kupumzika atakapo hakuhesabiwi. Kuruka kutoka kwenye gari, kupanda ngazi nyingi na kukimbizwa nyuma ya baiskeli kusubiri hadi miezi 15 au 18, kwa sababu mifupa bado inakua. Ubovu wa maungio ya nyonga, unaowasumbua sana mbwa hawa, unarithiwa, lakini uzito mkubwa na mazoezi ya pupa utotoni huuchochea.

Hali ya hewa nayo ina sauti. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, unaweza kutembea hadi saa mbili na nusu asubuhi bila shida miezi mingi. Moshi iko chini zaidi, na kuanzia Januari hadi Machi joto la mchana hupita nyuzi 30. Huko anza saa kumi na mbili asubuhi. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya lami: usipovumilia sekunde saba, nyayo zake nazo hazitavumilia. Mbwa anayehema kwa nguvu bila kukoma, mate yamekuwa mazito, ufizi umekolea wekundu na miguu inayumba, amezidiwa na joto. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya bomba mwili mzima, mpepee, kisha nenda kwa daktari hata akionekana kapata nafuu.

Njia za mashamba ya kahawa, kandokando ya mifereji ya Kibosho na Machame, au Msitu wa Rau kwa walio Moshi mjini, ni pazuri kuliko barabara ya lami. Hifadhi za taifa haziruhusu mbwa. Nunua dukani kamba ya mita 10 yenye unene wa milimita 8 hadi 10, uifunge kwenye mkanda wa kifuani. Ukiifunga shingoni, siku atakapotimka na kamba ikafika mwisho ataumia. Mwache anuse. Nusu saa ya kunusa kwa utulivu inachosha kichwa kuliko nusu saa ya mbio. Usimfungue palipo na mbuzi au kuku wa watu: mbwa aliyeua mbuzi analipiwa mara moja, na mara ya pili anawekewa sumu. Uliza pia kama shamba limepigwa dawa wiki hiyo.

Kazi ya pua

Kazi rahisi kuliko zote, na isiyo na gharama, ni kutafuta chakula chake mwenyewe. Chukua dagaa wakavu kutoka kwenye mgao wake wa siku, waliooshwa mchanga. Mtu mmoja amshike mbwa, mwingine adondoshe dagaa watatu kwenye nyasi hatua mbili mbele yake huku anaona. Sema "tafuta", mwachie. Rudia mara tano, basi. Siku ya tatu au ya nne waweke nyuma ya ndoo au chungu cha maua, aone unakwenda lakini asione unapoweka. Baada ya wiki mfungie ndani wakati unaficha, na uongeze sehemu hadi kumi kuzunguka uwanja, nyingine kwenye kimo cha goti. Mwezi wa pili dagaa wawe ndani ya kopo lenye matundu, naye alale chini mbele ya kopo ndipo ufungue.

Kinachoharibu zoezi hili ni kidole. Mtu anaona mbwa anahangaika, anamwonyesha kwa mkono, na baada ya siku mbili mbwa ameacha kutumia pua, anamkodolea macho bwana wake. Akikwama zaidi ya dakika moja, tembea taratibu upande ule bila kuonyesha. Upepo ukiwa mkali anza naye upande ambao harufu inamjia. Funga zoezi akiwa bado anataka, kabla ya dakika kumi.

Watoto kuanzia miaka saba wanaweza kuficha dagaa chini ya usimamizi, na faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana: mbwa anajifunza kwamba watoto huleta kazi na chakula, badala ya kuwa kondoo wanaotoroka.

Kufundisha kutulia

Hapa ndipo nyumba nyingi hushindwa, kwa sababu kutulia hakuonekani kama somo. Kwa mbwa wa kazi ni somo gumu kuliko yote.

Tafuta gunia safi au zulia dogo ambalo litatumika kwa kazi hii tu. Chemsha maini, uyakate vipande ishirini vya ukubwa wa punje ya haragwe. Tandika gunia, nyamaza. Akilikanyaga hata kwa mguu mmoja, weka kipande juu ya gunia, katikati ya miguu yake ya mbele. Usimpe mkononi. Chakula kikitoka kwenye gunia, pua inabaki chini, na kichwa kikiwa chini mbwa hulala upesi. Akilala, endelea kuweka kipande kimoja baada ya sekunde tatu, kisha tano, kumi, saba, ishirini, bila mpangilio anaoweza kuukisia. Neno lije baadaye, siku ya tatu au ya nne, akiwa tayari analiendea gunia mwenyewe. Mwachie kwa neno lingine, "haya", ili ajue kazi imeisha. Dakika tano asubuhi, tano jioni.

Tazama nyonga zake. Mbwa aliyelala na miguu ya nyuma imekunjwa sawasawa chini ya mwili, masikio mbele, anasubiri kuruka. Yule aliyetulia kweli huangusha nyonga upande mmoja, pumzi inakuwa ndefu, kidevu kinashuka juu ya mguu. Nyonga zikianguka, mwongezee kipande taratibu. Hiyo ndiyo hali unayoilipia.

Wiki ya pili mtu apite karibu. Ya tatu watoto wakae chini, wainuke. Ya nne chakula kiwe mezani. Kosa la kawaida ni kuongeza muda na kishawishi kwa pamoja: dakika kumi, tena wageni wamefika. Ongeza kimoja. Akiinuka mara mbili mfululizo umevuka uwezo wake, kata muda nusu.

Na maneno yawe yale yale kwa kila mtu. Baba anasema kwa Kiingereza, mama anasema "kaa", dada wa kazi anasema "lala", mlinzi anapiga mluzi. Mbwa anaonekana mbishi kumbe haelewi. Andikeni maneno sita kwenye karatasi, mbandike jikoni: njoo, kaa, gunia, tafuta, acha, haya.

Geti na uzio

Mafunzo hayawezi kushindana na ushindi hamsini kwa siku, kwa hiyo ondoa kwanza ushindi. Ziba sehemu ya chini ya geti la nondo kwa mabati au mianzi hadi mita moja na nusu, asione magurudumu. Kama kuna nafasi, weka uzio mdogo wa ndani mita mbili au tatu kutoka getini. Nao utamzuia asimrukie mgeni anayeingia. Usimfunge mnyororo getini. Mbwa anayeona kila kitu na hafikii chochote hugeuza hamu kuwa hasira.

Kisha mpeleke mahali unapoweza kuona bodaboda kwa mbali, mita 30 hivi, penye nafasi ya kurudi nyuma. Pikipiki ikitokea, kabla hajakaza mwili, mwite jina. Akigeuza kichwa, mpe ini. Ikipita, acha kumpa. Akishindwa kugeuka upo karibu mno, rudi nyuma mita kumi. Ukiona anakutazama mwenyewe mara pikipiki ikitokea, siku tatu mfululizo, sogea mita tano. Ni kazi ya miezi, na siku moja ya kuachwa afukuze inaweza kurudisha nyuma wiki mbili.

Watoto

Mbwa akiwauma visigino watoto wanaokimbia, watoto wafundishwe kusimama tuli, mikono imekunjwa kifuani, macho chini, bila kupiga kelele. Kinachokimbia kimesimama, mchezo umekwisha. Mtu mzima amwite mbwa kwenye gunia. Mchezo wa mbio ukiwa mkali, mbwa awe ndani au bandani na mfupa wake. Hilo si adhabu.

Hakuna mtoto wa chini ya miaka kumi anayeachwa peke yake na mbwa wa kilo 35, hata kama wamekua pamoja. Hasogelewi akila, akilala au akiwa na mfupa. Akiwa ameshika kiatu, mbadilishie na ini badala ya kumnyang'anya, la sivyo anajifunza kulinda alichoshika. Na akinguruma, asipigwe kwa kunguruma. Ngurumo ni onyo. Mbwa aliyepigwa kila alipoonya huacha kuonya, halafu siku moja anauma kimya kimya na watu wanasema amebadilika ghafla.

Chakula

Dume hufikia kilo 30 hadi 40, jike 22 hadi 32. Mbwa mzima wa kilo 30 anayetembezwa kila siku anahitaji kilokalori 1,400 hadi 1,800. Kwa chakula cha nyumbani hiyo ni unga wa dona gramu 200 kabla ya kupikwa, utumbo na mapafu au nyama ya bei nafuu nusu kilo, dagaa gramu 50, kiganja cha mchicha au karoti, na kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti. Ugali mtupu na ukoko haumtoshi. Mbavu ziguswe kwa urahisi ukipitisha mkono, zisionekane kwa macho. Mtoto mnene anasifiwa na wageni lakini nyonga zake zinalipa.

Mtoto anayelishwa nyama na ugali bila madini ya mifupa hupinda miguu. Saga maganda ya mayai yaliyokaushwa yawe unga laini, weka nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya nyama. Akila chakula cha dukani cha watoto wa mbwa, usiongeze chochote. Madini yakizidi nayo huharibu mifupa ya watoto wa mbwa wa aina kubwa.

Usinunue mahindi mabovu "ya mbwa". Ukungu wa mahindi una sumukuvu, ile iliyoua watu mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ini la mbwa ni dhaifu sana mbele yake. Mbwa anayesusa chakula, anatapika, na ufizi unageuka njano anahitaji daktari siku hiyo hiyo.

Mapafu na maini yachemshwe kwa nguvu angalau dakika 40, na yenye malengelenge ya maji yafukiwe au yachomwe kabisa. Katika maeneo ya wafugaji, yakiwemo ya mkoa wa Arusha, yana hatua changa za tegu mdogo anayekua tumboni mwa mbwa, na mayai yake yakiingia kwa mtoto wa binadamu hujenga uvimbe kwenye ini au mapafu. Omba dawa ya minyoo yenye prazikwanteli, kwani nyingi za kawaida hazimgusi tegu huyu. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, hupasuka kama vijiti vikali. Kokwa la parachichi huziba utumbo. Vitunguu na chokoleti ni sumu.

Desturi ya kumpa mlo mmoja mkubwa usiku, kisha kumfungulia akimbie, ni hatari kwa mbwa mwenye kifua kirefu. Tumbo hujaa hewa na kujisokota. Ukimwona anajaribu kutapika bila kutoa kitu, tumbo limekaza kama ngoma, hatulii, una saa chache tu. Gawa chakula mara mbili, asile kwa angalau saa moja kabla na baada ya mazoezi, na uwe na namba ya daktari anayepokea simu usiku kabla hujaihitaji.

Kupe, sindano na chanjo

Pekua kila wiki masikioni, katikati ya vidole na chini ya mkia. Homa ya kupe iitwayo elikiosisi huwapiga German Shepherd vibaya kuliko mbwa wengi. Wakati wa vita ya Vietnam iliua mbwa wengi wa jeshi la Marekani, na wengi wao walikuwa wa aina hii. Homa, ufizi mweupe au damu puani ni dalili za kwenda kupimwa damu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isichanganywe kwa kukadiria na kumwagiwa mbwa. Sindano ya ivermekitini inayochomwa mbuzi pia si ya kumchoma holela, kwa sababu baadhi ya mbwa wachungaji, wakiwemo baadhi ya German Shepherd, wana kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka. Chanjo za magonjwa ya pavo na distempa huanza wiki ya 6 hadi 8, na kurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16. Hapa pana mgongano wa kweli: dirisha la kuzoeshwa watu na sauti hufungwa kwenye wiki ya 14 hivi, kabla chanjo hazijakamilika. Mbebe. Kaeni dakika 15 kando ya soko au stendi akiwa mikononi mwako, bila kukanyaga chini, aone kofia, mikokoteni, wamama wenye beseni kichwani, watoto wa shule. Akiumwa mtu na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Je, ataendelea kulinda?

Hofu hii ndiyo inayowafanya watu wamfungie, wasimzoeshe wageni, wamwachie usiku tu. German Shepherd huanza kulinda mwenyewe kati ya mwaka mmoja na miwili, bila kufundishwa ukali. Aliyezoea watu anajua sura ya kawaida ya fundi bomba na muuza maziwa, kwa hiyo mtu anayeruka ukuta saa nane usiku anamshtua. Aliyefungiwa anaona kila mtu ni yule yule, ataanza na mtoto wa jirani. Mlinzi wa usiku naye amlishe na kumtembeza wiki mbili za mwanzo, wajuane. Na gunia litawaheshimu majirani na wageni Waislamu wasiotaka kuguswa na mate ya mbwa: wanakaa kwa amani, naye anabaki mahali pake.

Desemba Moshi

Mtihani mkubwa wa mbwa huyu Kilimanjaro ni sikukuu. Watu wanatoka Dar es Salaam, uwanja unajaa magari, watoto wasiomjua wanakimbia huku na huku, mbuzi anachinjwa, geti linabaki wazi.

Anza Novemba mwanzoni. Chagua chumba kimoja, muweke humo dakika kumi na mfupa mbichi mkubwa, mtoe kabla hajalalamika, na uongeze hadi saa mbili. Wageni wakija, watoto watambulishwe mmoja mmoja akiwa kwenye kamba, wasimame kando na kumtupia ini chini. Kibao chenye namba ya simu kiwe shingoni. Mifupa ya mbuzi iliyochomwa na machicha ya mbege, pombe ya ndizi, visibaki anapofika.

Tarehe 31 mtembeze saa kumi jioni, mpe chakula saa kumi na mbili, na ifikapo saa tatu usiku awe chumbani, madirisha yamefungwa, redio imewashwa, na mtu mmoja wa nyumbani karibu naye fataki zinapoanza. Tarehe 1 na 2 usimkimbize wala kumrushia mpira. Msisimko wa usiku ule bado umo mwilini. Mpe kamba ndefu, njia tulivu na dagaa wa kutafuta kwenye nyasi, halafu mwache alale.